Barua ya wazi kwa Mjomba: yule ndege mrefu si mama yao

Mjomba, shikamoo.

Tangu siku ile tuliposimama kwenye tuta la jaruba lako kule Ubaruku, ukawanyooshea kidole wale ndege weupe na kusema, "Wote yangeyange, yule mrefu ndiye mama yao," nimekuwa nikitafuta namna ya kukubishia bila kukukosea adabu. Leo nimejipa moyo.

Kinda wa ndege hawa haachi kiota akiwa mdogo vile. Akishaweza kuruka, kimo chake kinakaribia cha wazazi. Ukiona mmoja amemzidi mwenzake karibu mara mbili, ujue hao ni aina mbili.

Wanaoifuata pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, na kuzunguka miguuni mwa ng'ombe, shingo fupi, mdomo mfupi wa njano, ndio yangeyange wetu wa kila siku. Msimu wa kutaga hupata rangi ya chai ya maziwa kichwani, kifuani na mgongoni.

Yule mwembamba mwenye mdomo mweusi ni yangeyange mdogo. Siri yake iko chini: miguu myeusi, vidole vya njano, kana kwamba amekanyaga binzari. Huvitikisa kwenye tope ili samaki washtuke. Tatizo jaruba likijaa maji vidole huvioni, mpaka aruke.

Sasa huyo "mama". Nami nilikuharibia, Mjomba. Nilikwambia kwa kujiamini kwamba ni yangeyange mdogo kwa kuwa mdomo wake ni mweusi. Sivyo. Ni yangeyange mkubwa, kimo chake karibu mita moja. Mdomo wake huwa wa njano, ila msimu wa kuzaliana hugeuka mweusi. Ningetazama mstari wa kinywa: kwake hupita hadi nyuma ya jicho. Yupo pia yangeyange wa kati, anayefanana naye mno, lakini mstari wa huyo huishia chini ya jicho.

Na wale waliopita juu kuelekea ardhi oevu ya Ihefu, shingo zimenyooka na miguu myekundu, hawakuwa yangeyange kabisa. Yangeyange akiruka hukunja shingo. Wale ni domomwiko.

Picha uliyonitumia juzi imekata ndege magotini. Mwambie huyo mjukuu anayekushikia simu ashushe mkono kidogo, kisha mnitumie nyingine.