Salamu za Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda kutoka Ng'ambo ya Mutukula

Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana Yesu asifiwe. Nimeziweka salamu zote mbili kwa makusudi, kwa kuwa huku kwetu Kagera mtu akikusalimu tu umeshajua anasali wapi, na wapo wanaonyamaza kabisa wakisikia salamu isiyo ya kwao. Kwenu nyote, mlioitikia na mlionyamaza, nawatakia heri ya tarehe 3 Juni, hasa ninyi mahujaji mliokwisha kuvuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda, wengine kwa basi na wengine kwa miguu, rozari mkononi na kandambili iliyokatika ukanda ndani ya mfuko.

Siku hiyo ya mwaka 1886 ilikuwa Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa Bwana. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliohukumiwa Munyonyo na kuswagwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, walivingirishwa katika mikeka ya matete na kulazwa juu ya kuni, kisha moto ukawashwa. Walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana. Watu wa Buganda waliwaita wote kwa jina moja, wasomaji, kwa sababu aliyetaka dini alianza kwa kujifunza kusoma, na baadhi yao walianzia kwenye maandiko ya Kiswahili wakati yale ya Kiganda yalikuwa bado haba. Jambo hilo hunigusa kila mwaka: lugha ninayowaandikia salamu hizi ni mojawapo ya zile walizojifunzia imani yao.

Hata hivyo, ninayemtafakari zaidi katika majira haya hakufia Namugongo. Ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa kiongozi wa vijana wa ikulu. Mnamo tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka, akiwa njiani kuja Buganda. Mukasa alimkabili bwana wake na kumwambia kwamba kumuua mgeni yule lilikuwa kosa. Zilikuwapo sababu nyingine za kuchukiwa kwake, maana alikuwa pia akiwakinga vijana dhidi ya matakwa machafu ya Kabaka, lakini kauli ile ilichangia kumgharimu uhai wake, naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka huohuo. Hannington hakuwa askofu wake, wala hawakuwahi kuonana. Wamisionari wa pande zile mbili walikuwa wakibishana mbele ya mtawala yuleyule juu ya nani aliyeshika dini ya kweli, lakini kijana huyu hakungoja ubishi uishe ndipo aone kwamba damu ya Mwanglikana nayo ni damu ya mtu.

Ningependa kuishia hapo, ila haitakuwa haki. Tarehe 24 Januari 1892, kabla hata miaka sita haijatimia tangu moto wa Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki pale Mengo, hawa wakiitwa Wafaransa na hawa Waingereza, na bunduki ya rashasha aina ya Maxim ya Kapteni Lugard, Mwingereza, ikawapa Waprotestanti ushindi. Miongoni mwa waliopigana hawakukosekana watu waliowafahamu mashahidi kwa sura na kwa majina. Baadaye uchifu na maeneo vikagawanywa kwa kufuata dini, na mgawanyo ule uliacha alama katika siasa za Uganda kwa miaka mingi.

Yako mengi ya kushukuru pia. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu Wakatoliki 22, tarehe 18 Oktoba 1964, hakuwasahau Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo, na alipofika Uganda mwaka 1969 alikwenda kuwaheshimu mahali pao. Papa Fransisko naye alifika penye makanisa yote mawili mwaka 2015. Baraza la pamoja la makanisa ya Uganda lipo tangu mwaka 1963, likiwakutanisha Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi. Kwetu Tanzania, Wakatoliki na Waprotestanti wana Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii tangu mwaka 1992, inayoshughulikia hospitali na shule zao, na Biblia Habari Njema tunayoisoma majumbani ni kazi ya mikono ya pande zote.

Ila hospitali ni rahisi kuliko msiba. Mwaka mmoja nilihudhuria mazishi ya mama mmoja kijijini, ambaye watoto wake nusu wanasali kanisa moja na nusu kanisa jingine. Kwaya ya upande wa pili ilikuja na sare zake, ikaambiwa ikae kimya kwa sababu ibada haikuwa ya kwao. Walisimama chini ya migomba tangu saa sita hadi saa tisa, vitabu vya nyimbo vimefungwa kwapani, huku wimbo uliokuwa ukiimbwa wakiujua wote. Nami nilikuwapo, na sikusema neno. Ndiyo maana naona ugumu kulitaja jina la Balikuddembe kwa sauti kubwa.

Kwa mahujaji nina ombi. Basilika ya Wakatoliki ya Namugongo, yenye nguzo zake 22, imesimama pale alipochomwa peke yake Karoli Lwanga, aliyewaongoza vijana wa ikulu baada ya Mukasa. Nakiyanja, walipochomwa wenzake, pako chini ya Waanglikana, na kutoka huku hadi kule ni mwendo mfupi kwa miguu. Asubuhi ya sikukuu kila upande huwa na ibada yake, vipaza sauti vyake na umati wake, nao wengi hurudi nyumbani bila kukanyaga upande wa pili. Mimi ni Mkatoliki, na mwaka huu nitaanzia Nakiyanja. Atakayependa tufuatane, anitafute mbele ya lango la Waanglikana baada ya ibada yao, nitakuwa na chupa ya maji ya ziada.

Sikukuu njema.