Waulize mwaka wa pili nani atalipa

Tanga, Jumapili

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na sisi huku hatujambo. Mengine utayasikia ukija. Nikujibu kwanza hili la miwani, maana umesema bodi inakaa wiki ijayo.

Kwa hiyo wafadhili wanataka kuwaletea miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mtu dunia ya kompyuta kana kwamba yumo ndani, badala ya kumalizia maabara. Wajumbe watashangilia, najua. Mimi nakumbuka Second Life. Linden Lab waliifungua dunia ile ya mtandaoni mwaka 2003, na baada ya muda vyuo vikuu vikawa vinanunua visiwa humo. Hata Harvard waliendesha humo kozi ya sheria mwaka 2006. Na vyuo vingi vilijenga nini? Kumbi za mihadhara! Viti mistari kwa mistari, skrini mbele, na avata, vile vikaragosi vinavyomwakilisha mtu humo, visivyochoka miguu, vimeketishwa. Kiumbe anaweza kuruka angani, wewe unamkalisha atazame slaidi. Mpaka leo nacheka. Kisha mwaka 2010 kampuni ikatangaza kwamba punguzo la nusu bei kwa taasisi za elimu linaondolewa, na vyuo kadhaa vikafungasha. Kisiwa kisicholipiwa hutoweka na madarasa yake. Bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, ukiinunua ni yako mpaka mtoto aivunje.

Kompyuta siikatai. Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, zinazoigiza majaribio ya sayansi kwenye skrini, nazitumia sana: ni za bure, na nyingi ukishazipakua hazili bando. Nikifundisha gesi, wanafunzi wanaona chembe zikigongana ndani ya chombo. Wakipasha moto zinakimbia, na geji ya kanieneo, yaani msukumo wa gesi, inapanda. Hayo kwa macho hawatayaona katika maabara yoyote ya shule.

Lakini taitresheni, kule kudondosha kimiminika kutoka kwenye bureti hadi rangi ibadilike ili kupima kiasi kilichotumika! Kwenye kompyuta darasa zima linapata jibu moja. Bureti haivuji, koki haikwami, hakuna aliyesahau kutoa mapovu kwenye ncha. Maabarani kundi moja linapata mililita 24.3, jingine 25.1, na la dirishani 27, tena wanaapa. Hapo ndipo ninapoanza kufundisha. Nani kapitiliza, waridi ya finoftalini, ile dawa ya kuonyesha rangi, ikakolea? Nani kasuuza flaski kwa tindikali badala ya maji? Wanabishana weee, na kwa kubishana wanajua kosa huingilia wapi. Programu isiyokosea haiwapi cha kubishania.

Kuna moja linalonifikirisha. Nina binti wa kidato cha tatu asiyefungua mdomo darasani, lakini kwenye kompyuta ndiye aliyeongoza kundi. Maabarani wavulana walikuwa wakimpokonya pipeti, kile kimrija cha kunyonyea na kupimia kimiminika. Siku hizi koki anashika yeye, wao wanaandika.

Kikaoni waulize wafadhili mawili tu: leseni ya mwaka wa pili nani atalipa, na miwani ni mingapi kwa darasa la watoto sitini. Na mkuu wa shule mkumbushe kwamba kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, mezani patakuwa na bureti ya kioo.

Wakikubali maabara niambie, nikutumie orodha yangu ya vifaa. Finoftalini msinunue nyingi, inatumika matone tu. Ongezeni bureti.

Wasalimie nyumbani.

Mwenzio wa Tanga