Barua kwa Zuhura, aliyezikamata nyayo za joka

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, baba yako hajambo, na Salim hajambo. Ameshahamia kitandani kwako bila kumwuliza mtu. Barua yako imefika jana. Nimetoka zamu ya usiku nikaikuta sandukuni, bahasha imepigwa muhuri wa nta nyekundu kama imetoka kwa sultani, nikaisoma pale pale mlangoni na sare ya kazi mwilini. Ama baada ya salamu, niingie kwenye neno lenyewe.

Unasema umetapeliwa. Umeliandika hilo neno na ukalipigia mstari chini. Siku ya kwanza ya kambi yenu ya likizo mliamshwa alfajiri mkaonyeshwa nyayo za joka zimetoka ziwani hadi mlango wa jiko, watoto wakapiga kelele, mkapewa kazi ya kumtafuta mwizi wa yai lake. Kisha wewe na kutotulia kwako ukaenda nyuma ya banda la mitumbwi kufuata mpira, ukakuta mbao mbili zimekatwa kwa msumeno, kila moja ina kucha tatu, zina kamba za kufungia mguuni na matope mabichi. Tangu hapo huna hamu. Ramani ya kale imepakwa chai. Mchawi wa msituni ni yule kijana anayefundisha kuogelea. Na unataka nije nikuchukue.

Siji kukuchukua. Hilo tulimalize mapema ili tupate nafasi ya kuongea.

Nilipokuwa shule ya msingi Tanga walikuwa wanakuja watu wa mazingaombwe. Tunatoa kiingilio chetu, tunasukumizwa darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mtu anavuta kitambaa mdomoni hakiishi. Anakata kamba kwa kisu, anaipulizia, kamba inaungana. Sisi wote tunasema ni dawa, ni majini, babu yake alikuwa mganga. Mjomba wako Hamisi hakusema kitu. Alikuwa ameiona kamba ya pili, kipande kidogo kilichofichwa kiganjani, na hicho ndicho kilichokatwa. Kesho yake nikamkuta nyuma ya jiko la shule na kamba za katani, anakata na kufunga, anakata na kufunga. Muhula ulipokwisha alikuwa anatutoza peremende kumwangalia. Ukimpigia simu leo Hamisi, atakwambia majina ya wale wasanii wa mazingaombwe mmoja mmoja, na anawataja kwa heshima kuliko anavyowataja walimu wetu.

Sasa turudi kwenye mbao zako. Umeziona, ukakasirika, ukaondoka. Mimi nilivyosoma nilikuwa na maswali mengi hata usingizi wa mchana ukanipita. Nani alizikata? Msumeno wa kawaida wa mkono hauzungushi kucha namna hiyo kwa urahisi, huenda kuna mtu anajua kutumia msumeno wa umeme. Umesema hatua moja na nyingine zilipishana kwa urefu wa mtu mzima aliyelala. Mtu aliyevaa mbao miguuni hawezi kupiga hatua hiyo, basi aliruka? Mbona hakuanguka? Au walikuwa wawili, mmoja anamshika mwenzake mkono? Na usiku wenyewe huko kaskazini mwa Minnesota mwezi wa Julai ni mfupi. Jua linazama saa tatu na kitu, mwanga haukwishi mpaka karibu saa nne, na saa kumi na moja kunakucha tena. Humo katikati huyo mtu alipaswa kungoja mlale, atoke, akanyage matope ya ziwani gizani, na mbu wa huko unawajua. Amefanya yote hayo kwa ajili ya watoto ambao hata jina lake hawatalikumbuka. Hiyo ndiyo siri ambayo ningeifuatilia ningekuwa wewe.

Halafu umenieleza jambo ukalipita haraka: kwamba mlimimina plasta kwenye unyayo, ikakauka, mkaitoa na kuihifadhi kama ushahidi. Polisi hufanya vivyo hivyo. Iangalie tena hiyo plasta. Kama ni nzuri, utaona mistari ya mbao imejichapa. Linganisha unyayo wa ngazi za jiko na ule wa ufukweni: mnyama wa kweli hakanyagi namna moja mara mbili, kidole kinabana hapa, kinatanuka pale, uzito unahama. Wenu utakuwa ule ule kila mahali. Ungeweza kumkamata joka mezani bila kufika nyuma ya banda la mitumbwi. Na kama ningekuwa mtengenezaji, ningejua pa kurekebisha: ningepigilia kipande cha zulia au mpira chini ya mbao ili kila unyayo utoke tofauti kidogo. Waambie.

Sikiliza, mimi sikukupeleka huko ili uamini majoka. Kwa hilo pesa zetu zingekaa nyumbani, na baba yako alishasema maneno yake kuhusu ada hiyo, nisiyarudie. Nilikubali nilipoona orodha ya kazi za mikono. Wewe una mikono ya bibi yako, na shule yako wakati wa masomo haiitumii vya kutosha. Nimefurahi kusikia yai la joka umelitengeneza mwenyewe, pini za kichwa bapa zimechomekwa kwenye yai la povu, zimepandana safu kwa safu kuanzia chini kama magamba ya samaki. Kuanzia chini ni sawa kabisa. Ukianza juu, kila safu inakuja kuifunika ya kwanza vibaya. Joho lako nimeliona kwenye mchoro. Pindo umeliacha bila kushona. Gundi haitoshi, mama, litachanika kwenye kichaka cha kwanza. Omba sindano. Na ule upanga, bomba la plastiki lililovishwa povu la kufunikia mabomba na kuzungushiwa utepe wa gundi, hakikisha ncha ina povu nene zaidi kuliko ubavu, maana mtoto akichomwa jichoni hatakuuliza kama bomba lilikuwa limefunikwa.

Barua ya wino usioonekana nimeipitishia pasi. Imetoka! Salim alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimweleza kwamba maji ya ndimu yana sukari na asidi, yakipata joto yanaungua kabla ya karatasi yenyewe na kugeuka kahawia, lakini hakutaka maelezo, alitaka nirudie. Safari nyingine tumia karatasi nene. Hii imekunjamana.

Na lile gurudumu la herufi la kuandikia maneno ya siri, duara mbili za kadi zilizobanwa katikati kwa pini, unajua lina umri gani? Mwitaliano Leon Battista Alberti aliandika kuhusu diski ya namna hiyo miaka ya 1460. Kabla yake Kaisari Julius alikuwa anasogeza herufi tatu tu mbele na kuiona siri imekaa salama. Mtoto yeyote wa kambi yenu angeivunja kabla ya chakula cha mchana. Nikupe mbinu ya nyumbani: anayevunja siri ya Kiingereza huanza kutafuta E, kwa sababu ndiyo inayojirudia kuliko zote. Wewe andika Kiswahili. Wataisaka E yao mpaka wachoke, kumbe herufi inayojaa ukurasa ni A.

Wenzako wanaosema kambi za siku hizi zimeharibika kwa michezo ya kuigiza, kwamba zamani watoto walipiga makasia na kuwasha moto tu, hawajui zilikoanzia. Inayohesabiwa kuwa ya kwanza Marekani ni ya mwaka 1861, kule Connecticut. Mwalimu Frederick Gunn na mkewe Abigail waliwatembeza wanafunzi wa shule yao hadi pwani ya Milford wakakaa hemani kama wiki mbili. Ulikuwa mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, na wavulana wale walitaka kulala na kuandamana kama wanajeshi. Walikuwa wanaigiza, Zuhura.

Lakini kuna kuigiza ambako sikutaki. Katika karne ya 20 kambi nyingi za nchi hii ziliwavisha watoto manyoya kichwani, zikawapa majina ya kubuni na kuwachezesha ngoma za moto kwa kisingizio cha kuwaiga wenyeji wa asili. Huko ulipo si mbali na Leech Lake na Red Lake, nchi ya Waojibwe, na wapo mpaka leo, wana shule, wana mahakama zao, wana watoto wa umri wako ambao nao wako likizo. Ikitokea fumbo la kambi linahusu "kabila lililopotea msituni", muulize kiongozi, kwa adabu, limepotea lini na nani amelipoteza. Joka halimkwazi mtu. Watu ni jambo jingine.

Umeandika tena kwamba wiki ijayo wanakuja wadogo, kwamba viongozi wamewaomba wakubwa wawatungie fumbo, na kwamba umekataa kwa kuwa ni kuwadanganya watoto. Unajua vizuri nani yumo katika hao wadogo. Salim ameshafungasha tochi, kamba, na mfuko wa karanga wa kumlisha joka, ambao nitauchukua kabla ya safari kwa sababu kambi hairuhusu karanga. Hajalala vizuri tangu ulipomwandikia. Sasa yeye akifika akute nini? Fumbo lililotungwa na mtu asiyejali, au lililotungwa na wewe, unayejua kila mahali lile la kwanza lilipovuja?

Kama hujui pa kuanzia, mchukue Fumo Liyongo. Hadithi umeisikia kwa bibi lakini ulikuwa unasinzia. Mfalme wa Pate amemfunga kwa minyororo, kijakazi anamletea chakula kila siku, na walinzi wanakula vinono vyote kwanza. Liyongo anaimba wimbo. Walinzi wanasikia wimbo tu. Kijakazi anaufikisha kwa mama yake, na mama anaelewa: oka mkate mzuri kwa ajili ya walinzi, na mkate wa wishwa kwa ajili yangu, ndani yake tia tupa. Walinzi wanauchukua ule mzuri, ule wa wishwa wanamtupia mfungwa wakicheka. Kisha anaomba apigiwe gungu kabla ya kufa, na wakati ngoma na pembe zinalia huko nje, yeye anakata minyororo na hakuna anayesikia. Tazama kazi ilivyopangwa hapo: ujumbe uko mbele ya kila mtu, kifaa kiko ndani ya chakula ambacho hakuna anayekitamani, kelele inafunika kelele. Mtu anaweza kuijenga hiyo yote kwa unga, kadi na ngoma mbili. Na mkate wa wishwa wa huko kwenu upo: ule uji wa shayiri wa asubuhi ambao umeniandikia hakuna mtoto anayeugusa. Ficha kitu kwenye sufuria yake uone watachukua siku ngapi.

Sasa soma hapa taratibu. Salim anachungulia begani kwangu, na kinyume, ile lugha yetu ya kugeuza maneno, bado hajakiweza, ijapokuwa wewe ulikidaka kwa kutusikiliza mimi na mama yako mdogo kwenye simu tukidhani umelala. Silabi ya mwisho inakuja mbele, basi:

Ninda ya bamko wa Musali, nichi ya ngaka, naku teke za buba.

Umeelewa? Ziko 64, na ninataka zirudi 64. Usizitawanye msituni. Zikae kwenye kasha lenye kufuli, ziwe hazina ya mwisho, na wadogo wakishazipata wachimbie mashimo mchangani uwafundishe kuzicheza. Babu yako alikuwa mkali sana kwa mtu anayepoteza hata moja, na ukali huo nimeurithi.

Mengine ni madogo. Jikague kupe kila jioni, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio, na mwombe mwenzako akuangalie nywele. Mmea wenye majani matatu matatu, ule unaowasha ngozi, usiushike hata kama unalifaa joho lako kwa rangi. Mkeka wa kuswalia uko chini kabisa ya sanduku, umefungwa na taulo la buluu. Nimeongea na mkuu wa kambi, anajua, usione haya kuomba dakika zako. Ukiandika tena niambie ni nani aliyezikata zile mbao, na kama ni msichana au mvulana, maana Hamisi ameshaweka dau na mimi.

Salim tutamleta Jumapili adhuhuri. Usimkimbilie kumkumbatia mbele ya wenzake, ameniomba nikwambie hivyo. Joka halimwogopeshi hata kidogo. Anaogopa vyura, basi usiweke chura popote, sio wa kweli, sio wa karatasi.

Mimi mama yako.