Barua kwa mwanangu aliyeanza kukimbia

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi na baba yako hatujambo, ila goti lake linamsumbua kila anapoamka. Natumaini wewe, mkwe wangu na wajukuu mko salama.

Ujumbe wako kwamba umejiandikisha marathoni niliusoma, nikaurudia, kisha nikampa baba yako naye asome. Amefurahi kuliko anavyokubali kuonyesha, na tangu siku hiyo hakuna mgeni anayeondoka hapa bila kusimuliwa. Nami nimefurahi. Lakini barua hii sikuianza kwa sababu ya furaha. Nilipopiga simu juzi nikamuuliza mkwe wangu uko wapi, akaniambia umelala kitini, kitabu cha mtoto kimo mkononi, na mtoto mwenyewe yuko macho anangoja ummalizie ukurasa. Alisema huku anacheka, wala hakuwa anakushtaki. Tafadhali usimwulize kwa nini aliniambia. Mimi sikucheka. Nilipoweka simu chini nilianza kupiga hesabu. Kazi ya ofisini unaimalizia nyumbani watoto wakishalala. Kukimbia, umeniandikia mwenyewe, unaamka saa kumi alfajiri. Sasa katikati ya hayo mawili, unalala kwa saa ngapi?

Usinijibu kwamba umezoea. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na zamu za usiku nazijua. Aliyepungukiwa usingizi ndiye wa mwisho kujua. Anajiona yuko sawasawa kabisa, kumbe macho yake yamechelewa, na mikono nayo inafuata kwa kuchelewa. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huitikia mambo polepole kama aliyekunywa pombe. Wewe ukiamka saa kumi alfajiri, saa hizo 17 zinatimia saa tatu usiku, na saa tatu usiku ndiyo kwanza unafungua kompyuta. Kisha asubuhi inayofuata ni wewe unayeshika usukani, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Hapo ndipo moyo wangu unapokosa utulivu. Zile asubuhi nilizokuwa nikirudi kutoka zamu, nyumba yetu ilivyokuwa wewe unazikumbuka vizuri kuliko mimi, sina haja ya kueleza. Ningependa tu wanao wakikua wawe na asubuhi za namna nyingine.

Sikukatazi kukimbia. Naomba hilo ulisome vizuri, maana nakujua, ukiona mama ameandika neno la tahadhari unasema mama amekataza. Kukimbia kumekufaa. Sauti yako kwenye simu imebadilika, na mkwe wangu anasema siku hizi huna hasira ndogondogo kama za mwaka jana. Shinikizo la damu limo katika ukoo wa baba yako, na mazoezi ni moja ya njia bora za kulizuia. Lakini kwa sababu hiyohiyo, nenda kapimwe kabla hujaongeza umbali. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Na ukiwa njiani ukahisi kifua kinabana, au kizunguzungu, au pumzi inakatika kuliko ilivyostahili kwa mwendo uliokuwa nao, simama. Usijiambie utasimama ukifika kwenye ile nguzo. Simama palepale, utafute daktari siku hiyohiyo. Ukiwa na homa, hata ndogo, usikimbie kabisa mpaka ipoe, kwa kuwa maradhi ya virusi yanaweza kugusa msuli wa moyo, na moyo wenye uvimbe haufai kulazimishwa.

Sasa nirudi kwenye usingizi. Najua utaniona nimeng'ang'ania.

Watu wengi hudhani mwili unapata nguvu wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia mwili unachoka na nyuzi za misuli zinachanika kidogokidogo. Unajengwa baadaye, na sehemu kubwa ya ujenzi huo hufanyika usingizini, hasa usingizi ule mzito wa mwanzo wa usiku, ambapo homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku, na anayefanya mazoezi hawezi kuhitaji pungufu ya hizo. Kwa hiyo ukiukata usingizi ili upate nafasi ya kukimbia, unachoka mara mbili na unajengwa nusu. Unafanya jasho lote lile, halafu faida yake unaiacha mlangoni.

Baba yako amenishika kwa habari za wakimbiaji wakubwa, anataka nikuandikie kuhusu Catherine Ndereba, kwamba alikuwa tayari ni mama aliposhinda marathoni ya Boston mwaka 2000, akashinda tena 2001, 2004 na 2005. Ni kweli, na inatia moyo. Lakini mimi nilimwambia amtazame pia Eliud Kipchoge, yule aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Huyo hulala usiku kucha, na mchana akishatoka mazoezini hulala tena. Kupumzika ni sehemu ya kazi yake, na hakuna anayemngoja na ripoti ya mwezi. Wewe ukitoka mazoezini unavaa shati unaingia barabarani. Ratiba umeiiga, ila usingizi wao hukuuiga.

Halafu kuna jambo la mifupa. Umeniandikia kwa fahari kwamba sasa huhemi kama mwanzo na unajisikia unaweza kwenda mbali zaidi kila wiki. Fahari hiyo ni halali yako. Ila ujue kwamba moyo na mapafu huzoea mapema, ndani ya wiki kadhaa, wakati kano na mifupa huhitaji miezi. Ndiyo maana wanaoanza huumia wakati ule hasa wanapojisikia vizuri. Pumzi inakuambia nenda, huku mfupa wa muundi bado haujawa tayari. Maumivu ya jumla ya misuli siku ya pili yake hayana neno. Lakini ukiona sehemu moja ya mfupa, ambayo unaweza kuigusa kwa ncha ya kidole ukasema ni hapa, na inauma zaidi unapokimbia na haiachi hata ukiwa umekaa, huo unaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa. Ufa wa namna hiyo haukimbiliwi mpaka upone. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaficha kidonda mpaka kioze, usinifanyie hivyo sasa.

Mwendo wako mwingi uwe wa pole. Kipimo chake hakihitaji saa ya bei kubwa, ni mdomo wako tu. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatisha, mwendo ni huo. Ukitoa maneno mawili matatu ndipo uvute pumzi, umezidisha. Hata mabingwa kilomita zao nyingi za wiki ni za polepole. Na kutembea dakika moja kila baada ya muda si aibu, hata siku ya mashindano yenyewe. Kuhusu maji, kunywa kwa kiu yako. Wako wanaobeba chupa na kunywa kila wanapokumbuka mpaka chumvi ya damu inashuka, na hilo limewahi kuua watu wenye afya kabisa.

Umechagua kilomita 42.195 kwa mara yako ya kwanza. Umbali huo ulianzia Olimpiki ya London mwaka 1908, ukafanywa rasmi mwaka 1921, na hakuna aliyeupanga akimfikiria baba wa watoto wawili anayefanya kazi usiku. Maandalizi yake huchukua miezi minne au zaidi kwa mtu ambaye tayari anakimbia mara kwa mara, na kuna wiki ambazo mbio ndefu peke yake inakula asubuhi nzima. Nakuomba uwaandikie waandaaji uulize kama unaweza kuhamia nusu marathoni. Kilomita 21 si kitu cha mtoto. Marathoni nzima itakuwepo mwaka ujao, na mwaka mwingine baada ya huo, ilhali mdogo wako huyo hatakuwa na miaka miwili tena. Kama hawaruhusu, basi amua wewe, lakini usiamue ukiwa na usingizi.

Na si lazima iwe alfajiri kila siku. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki nzima, au 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi, na hiyo inatosha kwa afya ya moyo. Mara tatu kwa wiki zinakutosha kwa nusu marathoni, ukiwa na subira. Moja iwe mchana wa kazi, badala ya kukaa kula mezani kwa saa nzima. Nyingine iwe jioni uwanjani, watoto wacheze katikati nawe uzunguke pembeni ukiwaona. Mdogo amekwisha kaza shingo na mgongo, anaweza kukaa kwenye kigari chake ukakimbia naye taratibu kwenye njia iliyo tambarare, mradi kiwe kigari kilichotengenezwa kwa kukimbilia na mkanda wake umefungwa. Ile ndefu iwe siku ya mapumziko. Usiku ambao mtoto amewaamsha, asubuhi yake hukimbii. Na siku uliyoikosa usiilipie kesho yake kwa kuongeza, wiki moja ya kupumzika haimwondolei mtu mazoezi yake.

Ila hiyo siku ya mapumziko nayo ina mwenyewe. Unapotoka kwa saa mbili, mkwe wangu yuko na watoto saa hizo mbili, na ukirudi unataka kuoga, na kukaa, na kula. Je, yeye zake anazipata lini? Sikumsikia akilalamika hata mara moja. Asiyelalamika ndiye anayestahili kuulizwa. Ukitoka saa mbili, mpe saa mbili zake siku hiyohiyo, awe peke yake, afanye anachotaka au alale. Sitaki nisikie kwamba wewe umepata afya naye amepata mgongo. Baba yako alipokuwa na timu yake ya mpira hatukupangiana hivi, tulikuwa hatujui kwamba watu hupangiana.

Nimesikia kutoka kwa dada yako kwamba bado una ile karatasi ya mashindano ya shule, ya mita elfu tano. Sikujua kama uliitunza. Siku ile ilikuwa siku ya kazi kwa wote wawili, na unajua ilivyokuwa. Safari hii tutakuja. Nimeshazungumza na baba yako, goti au bila goti, tutafika siku moja kabla na tutakaa na wajukuu, ili mkwe wangu naye aweze kusimama kando ya njia akuone unapita, badala ya kubaki ndani akihangaika na chupa za maziwa. Tuambie tarehe mapema, kuna mambo ya kupanga hapa, nyumba haiwezi kuachwa hivi hivi tangu kufuli la mlango wa nyuma liharibike. Fundi ameahidi kuja, bado namngoja. Chumba chako cha zamani nimekifungua madirisha kipate hewa, na nimekuta raba zako za shule chini ya kitanda, soli zimekauka zimepasuka. Nimezitupa. Usithubutu kuulizia, hazikuwa za kuvaliwa na mtu.

Hizo unazovaa sasa, ukiona soli ya nje imelika upande mmoja au miguu inaanza kuuma bila sababu unayoijua, badilisha. Ukikimbia gizani vaa nguo inayong'aa, na masikio yako yawe wazi, muziki usikilizie nyumbani. Na gizani humo uwe umelala kwanza. Ukiamka ukakuta hukutimiza hata saa 6 za usingizi, zima kengele urudi kulala. Sitamwambia mtu. Kama unataka ruhusa ya mtu mkubwa ndiyo hiyo, nimeiandika kwa mkono wangu.

Nijibu kwa maandishi, usinipigie, kwenye simu unanichekesha nasahau nilichouliza. Niandikie saa unayoingia kitandani na saa unayoamka, kwa wiki nzima, kila siku mstari wake, kama chati tulizokuwa tukijaza wodini. Mkwe wangu atie sahihi chini.

Sweta ya mdogo nimefika kwenye mikono nikakwama, sina kipimo. Mpime kutoka begani hadi kifundo cha mkono, amekunja kiwiko kidogo, umwambie mama yake anitumie. Ya mkubwa iko tayari, nimeiacha ndefu kidogo maana anakua haraka.

Mama yako akupendaye.