Risala kwa Mgeni wa Heshima Siku ya Kuzindua Tangi la Maji ya Mvua, Viungani mwa Malindi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu na naibu wako, wazee wa mtaa, Mwalimu Mkuu na walimu wote, maimamu na wachungaji, akina mama, akina baba na wanafunzi, assalaam alaikum, na Bwana asifiwe.

Kwa niaba ya wanachama wa kikundi chetu cha maji na mazingira, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunafahamu wingi wa shughuli zako, na tunafahamu kwamba tarehe ya hafla hii ilibidi isogezwe zaidi ya mara moja kwa ajili hiyo hiyo. Kufika kwako leo, tena kabla ya adhuhuri, ni heshima ambayo hatutaisahau.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilianza kama chama cha kuzikana na kusaidiana, kikawa cha kupanda miti, na shida ya maji ilipozidi kikawa cha maji. Historia yake ni ndefu, na wazee wetu wangependa isomwe yote, lakini jua ni kali na hema ni moja. Itoshe kusema kwamba leo kikundi ni mfano wa kuigwa katika ukanda mzima wa Pwani: kina kitalu cha miche ya mikoko na mivinje kinachosifiwa na kila apitaye, kina viti vya plastiki ambavyo baadhi yenu mmevikalia, na kilishika nafasi ya pili katika mashindano ya usafi ya wadi, ingawa ni kweli kwamba washindani hawakuwa wengi. Kilele cha mafanikio hayo ni tangi hili la lita 10,000 utakalolizindua punde, lililonunuliwa kwa michango ya wanachama wenyewe, nalo litakinga maji ya paa la shule.

Huenda ukajiuliza kwa nini shule iliyozungukwa na visima inahitaji maji ya paa. Swali hilo ndilo sababu ya risala hii, na kwa idhini yako tutakaa hapo.

Nyuma ya mikorosho ile unayoiona kuna kiwanja ambacho kwa miaka kadhaa kilikuwa kiwanda cha kutia dawa nguzo na mbao. Mivinje ya wakulima wetu iliingizwa katika silinda kubwa ya chuma, hewa ikavutwa nje, kisha dawa ikasukumwa kwa shinikizo hadi ikapenya ndani ya mti. Dawa yenyewe ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huua kuvu, aseniki huua mchwa, na kromiamu huzishika hizo mbili ndani ya mbao zisichuruzike. Kazi hiyo hatuipingi, kwani kila mwenye nyumba hapa Pwani anajua mchwa wanavyoifanya nguzo isiyotiwa dawa. Tunaloteta ni kwamba biashara ilipodorora, wenyewe waliondoka na mashine, wakatuachia uchafu. Mlinzi alikaa miezi kadhaa bila mshahara, naye akaenda zake. Lango nalo likafuata, maana lilikuwa la chuma, na chuma kina soko.

Kilichobaki ni mapipa 23, mengine yamejaa na mengine nusu, pamoja na shimo la saruji lililokuwa likikusanya matone ya dawa, ambalo sasa limejaa tope zito la rangi ya kijani. Mapipa mawili yameoza kitako. Kutoka chini yake umechimbika mfereji mwembamba unaoelekea bondeni, na kando ya mfereji huo hata ukoka hauoti. Bondeni, Mheshimiwa, ndiko kuliko visima viwili vya mtaa, na visima hivyo vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao kila mchimbaji wa Malindi atakueleza kuwa umejaa vitundu na nyufa. Maji ya juu hayachelewi kufika chini.

Liko jambo la pili ambalo huwa linawashangaza wageni. Vipande vya mbao vilivyotiwa dawa vilitapakaa pale kwa mafungu, vikavu na vyepesi kubeba, na kwa muda mrefu akina mama walivichukua kuwa kuni. Moto hauiondoi sumu ya aseniki: sehemu hupanda na moshi ndani ya jiko lisilo na dohani, na kubwa zaidi hubaki katika jivu. Jivu lenyewe tulilisugulia sufuria, tukalimwaga chooni, tukalinyunyiza kwenye mchicha kufukuza wadudu. Tulipoelezwa na mwalimu wa kemia wa shule jirani, tulikataza kuni hizo mtaa mzima, na vipande tukavirundika chini ya turubai ndani ya kiwanja. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wetu, na tumelitimiza.

Maji ya visima ndiyo yaliyotushinda. Aseniki ndani ya maji haina rangi, haina harufu wala ladha. Mtu akiyachemsha, maji hupungua na sumu hubaki ile ile, kwa hiyo huyazidisha makali badala ya kuyasafisha. Vidonge vya klorini tunavyogawiwa wakati wa kipindupindu haviiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za aseniki kwa lita moja ya maji ya kunywa, na anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka mingi anaweza kupata madoa ya ngozi, viganja vigumu, na hata saratani ya ngozi, kibofu au mapafu. Hatudai kwamba visima vyetu vimevuka kikomo hicho. Tunadai tu kuambiwa.

Mheshimiwa, si kwamba hatujawahi kusikilizwa. Tumesikilizwa mara nyingi, tena kwa ukarimu. Kiongozi mmoja aliyekaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia alitutangazia kwamba mapipa yataondolewa kabla ya masika, ila hakutaja ni masika ya mwaka gani, nasi kwa adabu hatukumuuliza. Mwingine alikuja na wapiga picha, akavaa glavu, akachota maji ya kisima katika chupa na kuahidi majibu. Picha tuliziona siku iliyofuata, majibu bado tunayangoja. Wa tatu alitupatia uzio, na uzio ulipofika ulikuwa utepe wa plastiki wa manjano, ambao kwa sasa ni mikia ya vishada vya watoto wetu. Tulipofuatilia, ofisi moja ilituelekeza kwa ofisi ya pili, na ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza kwa barua nzuri yenye muhuri. Tunawashukuru wote kwa moyo wao.

Tumepokea pia mapendekezo, na kwa heshima tunaomba yasirudiwe leo. La kwanza ni kuchimba shimo na kuyafukia mapipa papo hapo na chokaa. Kumwaga chokaa tu hakutoshi, kwa sababu kromiamu iliyo katika dawa mbichi ni ile aina kali inayosafiri na maji. Lazima kwanza igeuzwe kitaalamu kuwa aina tulivu, ndipo chokaa iweze kuishusha iwe tope, na tope lishikwe kwa saruji kabla ya kuwekwa katika jaa maalumu lililotandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, lenye mabomba ya kukusanya maji yanayovuja. Kuyafukia mapipa katika mwamba wetu ni kuisogeza sumu karibu na ndoo. Pendekezo la pili lilikuwa kuyachoma katika tanuri la taka za hospitali. Tanuri lile ni la bandeji na sindano. Aseniki ni elementi, haiungui ikaisha. Ingepanda kwenye dohani na kuwaangukia wagonjwa na majirani.

Huku Pwani hatuhitaji kwenda mbali kujifunza gharama ya kuchelewa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwamwagia wakazi sumu ya madini ya risasi (ledi) hadi damu ya watoto ikachafuka. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda ngazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Fedha za kuondoa mapipa 23 ni tone mbele ya hizo. Wala hatukulitaja hili kwa kutisha. Tumelitaja kwa kuwa Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na tungependa kuipata haki hiyo kwa mazungumzo kama haya, chini ya hema, kuliko mbele ya hakimu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni moja: mapipa, tope na zile mbao ziondolewe na msafirishaji mwenye leseni ya taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, akiwa na waraka wa kufuatilia shehena unaoonyesha ilikotoka, aliyeibeba na aliyeipokea, na nakala ya waraka huo ibaki kwa Bwana Chifu. Tukiambiwa kwamba nchini hapana mahali pa kuzipokea, tutakumbusha kwamba Kenya imo katika Mkataba wa Basel wa 1989, unaoruhusu taka za namna hii zisafirishwe kwenda nchi yenye uwezo, mradi nchi hiyo imekubali kwanza kwa maandishi. Tukiambiwa kwamba mwenye kiwanda hajulikani aliko, hivyo hapana wa kulipa, tutaomba kisomwe kifungu cha 25 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kilichoanzisha mfuko wa kurejesha mazingira kwa ajili ya hali kama hii, pale mchafuzi asipotambulika. Barua ya kuuomba mfuko huo tumekwisha kuiandika. Inahitaji saini ya mtu ambaye barua zake hujibiwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, yako mambo madogo yasiyohitaji kikao. Mapipa mawili yanayovuja yaingizwe ndani ya mapipa makubwa yasiyotoboka, na yote yawekwe juu ya sakafu yenye ukingo na chini ya paa, ili mvua isiyafikie. Kiwanja kizungushiwe uzio wa waya na nguzo, na si utepe. Maji ya visima viwili yapelekwe kwa Mkemia wa Serikali, Mombasa, yapimwe aseniki na kromiamu, na majibu yabandikwe ubaoni hapa shuleni, yawe mazuri au mabaya. Tangi tunalolizindua ni baraka kubwa, lakini lita 10,000 zikigawanywa kwa shule nzima hazimalizi kaskazi, na likikauka watoto watarudi kisimani.

Mwisho, Mheshimiwa, tunaomba ratiba ibadilishwe kidogo kwa idhini yako. Imeandikwa kwamba baada ya hotuba tutakula, kisha tutatembelea kiwanja. Waliokutangulia walianza na chakula, na baada ya pilau kila mmoja akapata simu ya dharura. Kiwanja ni mwendo mfupi kwa miguu, viatu vya mpira vya ukubwa wako tumeviweka karibu na jukwaa, na kitabu cha wageni kimefunguliwa katika ukurasa wenye nafasi tatu: jina, ahadi na tarehe. Akina mama wamefunika sufuria, pilau itakungoja.

Wako watiifu,

Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.