Roboti haipasui peke yake, mgonjwa aelezwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie upasuaji wa tezi dume unaosaidiwa na roboti, ambao baadhi ya wagonjwa wanausifu kabla hawajaelezwa ni kitu gani.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kaka yangu mkubwa katika hospitali moja hapa Nairobi. Alikuwa ameketi na fomu ya ridhaa mapajani, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hebu nisomee vizuri, ni mashine ndiyo itakayonipasua?" Aliyemkabidhi fomu hiyo, ambayo yote ilikuwa kwa Kiingereza, alimwambia tu kwamba roboti haikosei.

Mashine hiyo haiamui lolote. Daktari mpasuaji huketi hatua chache kutoka kitandani, akitazama picha iliyokuzwa hadi mara 10, na mikono yake ndiyo inayoendesha vyombo vyembamba vilivyopitishwa kwenye matundu madogo tumboni. Vyombo hivyo hupinda kama kifundo cha mkono, na mkono wa daktari ukitetemeka, mtetemo huo haufiki kwa mgonjwa. Faida hiyo si haba, maana tezi dume imejificha chini ya kibofu, na ubavuni mwake hupita mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume, ambayo ikiguswa vibaya mwanamume hujuta.

Hata hivyo, watafiti wa Brisbane, Australia, waliolinganisha upasuaji huu na ule wa kawaida wa kufungua tumbo, walichapisha matokeo mwaka 2016: waliopasuliwa kwa roboti walipoteza damu kidogo na kulazwa siku chache, lakini baada ya wiki 12 uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume havikutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Kwa maoni yangu, anayeuza nyumba au shamba kwa kuamini kwamba roboti itamwepusha na nepi anastahili kuambiwa hayo mapema. Aambiwe pia kwa nini bei iko juu, kwani mbali na mashine yenyewe, vyombo vyake vimewekewa idadi ya mara za kutumika, na idadi hiyo ikitimia havitumiki tena.

Ninaloomba ni fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, inayomtaja daktari atakayeshika vyombo, mara ambazo amewahi kuufanya upasuaji huo, na tofauti ya gharama.

Kaka hakutia sahihi siku hiyo. Daktari mwenyewe alipofika, kaka alimuuliza ameshawapasua wangapi kwa mashine hiyo, naye daktari akamtajia idadi bila kununa. Sahihi ilitiwa wiki iliyofuata.

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi