Seli Zinazojua Zenyewe pa Kwenda

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, nakujulisha kwamba tangazo ulilonitumia nimelisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi. Umeuliza kama ni kweli kwamba seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za kazi mbalimbali, zinaweza kukutoa kwenye insulini ya kisukari chako, nami najua hukuuliza kwa udadisi tu, kwani mtu anayejidunga sindano tangu akiwa na miaka sita ana haki ya kuchoka. Jibu langu ni ndiyo, ila si kwa namna tangazo lile linavyodai.

Matibabu yenyewe si ndoto. Wapo watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Hurler, ambao miili yao haitengenezi kimeng'enya kimoja tu, yaani protini ya kuvunjavunja taka za seli, na kwa kukosa hicho kimoja taka zikajazana katika ini, moyo, mifupa na ubongo. Mwaka 1968 Elizabeth Neufeld na wenzake walizikuza pamoja, katika chombo kimoja, seli za mgonjwa wa Hurler na za mgonjwa wa Hunter, ugonjwa unaofanana nao, na kila upande ukauponya mwingine, kwa kuwa kimeng'enya kilichovuja kwa huyu kilipokewa na yule. Ndiyo maana mtoto wa aina hiyo akipandikizwa uboho wa mtu mwenye afya, ambao ndani yake mna seli shina, seli zinazotokana nao hutawanyika mwilini, nyingine zikafika hadi kwenye ubongo, na kila zinapotua huwagawia jirani zao kile walichonyimwa. Kazi hiyo imefanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo sana, kwa sababu mfupa uliokwisha kupinda haunyooshwi na uboho.

Kisukari chako kina hesabu nyingine. Kwako seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, ziliuawa na kinga ya mwili wako mwenyewe, kwa hiyo hata ukiletewa mpya leo, askari waliowaua wale wa kwanza bado wako lindoni. Anayetaka kukutibu hana budi kueleza seli zake zimegeuzwa kuwa nini na nani atazilinda.

Hilo la kwanza, la kugeuza seli, limewala watu maisha yao. Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006, kwa panya, kwamba seli ya kawaida iliyokwisha kukomaa inaweza kurudishwa utotoni, ikawa tayari kufundishwa kazi mpya. Huko Harvard, Douglas Melton alikuwa akichunguza ukuaji wa vyura hadi mwanawe alipopatikana na kisukari kama chako. Akaviacha vyura, na mwaka 2014 maabara yake ikaeleza jinsi ya kutengeneza seli za beta kwa mamia ya mamilioni. Sijapata kumwona mtu huyo, lakini namhesabu kuwa mzazi mwenzangu.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa waliotiwa seli za namna hiyo kupitia mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Kati ya 12 waliopewa dozi kamili, 10 walikuwa hawatumii tena insulini baada ya mwaka mmoja. Niliposoma hapo niliweka miwani mezani nikatoka nje kidogo. Niliporudi nikasoma yaliyobaki: wote walitumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, na mshiriki mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu. Tena walichaguliwa watu ambao sukari yao huporomoka vibaya bila wao kuhisi dalili yoyote. Wewe, usiku ule uliponiamsha, ulikuwa unatetemeka, shati limelowa jasho, ukanyoosha kidole mwenyewe nikutoboe. Kutetemeka kule ni mlinzi ambaye wenzako wale hawakuwa naye.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Ulipokuwa na miaka tisa nililipa malipo ya awali kwa kliniki moja iliyoahidi kutoa seli katika mafuta ya tumbo lako na kukurudishia kwa dripu. Nilipouliza seli hizo zitafikaje kwenye kongosho, na zikifika zitakuwa nini, aliyepokea simu alinijibu kwa upole kabisa: "Mzee, seli hizi zinajua zenyewe pa kwenda." Nikauliza kuhusu kinga ya mwili, akanitajia punguzo la bei. Fedha ile haikurudi, na mama yako alinisamehe kabla sijajisamehe mwenyewe. Tangazo lako linazungumza kwa sauti ileile, na linaongeza hatari ambayo ya kwangu haikuwa nayo, maana linakuagiza uache insulini siku tatu kabla ya kufika. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, siku tatu bila insulini zinatosha kumwua.

Kwa hiyo usitume hata senti. Mwezi ujao ukienda kwa daktari wako, mwulize kuhusu majaribio yaliyosajiliwa na vigezo vya kuingia, nami nitakuja nikae pembeni nikiandika majibu. Leo kabla hujalala pima sukari, unitumie namba yake.

Ni mimi baba yako.